Kikombe cha Pili Mezani

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika nyumba za kawaida za London, walikuwapo watu waliokutana usiku kufanya uganga. Walizima taa za umeme, wakawasha mishumaa, wakavaa majoho, wakaita nguvu za pande nne za dunia. Asubuhi yake walipanda treni kwenda kazini. Wengi wao walikuwa watu wa tabaka la kati waliosoma vizuri, wakiwemo watumishi wa serikali na wataalamu wa kompyuta, wakati kompyuta yenyewe ilikuwa bado kitu kigeni. Katikati yao aliketi msichana wa Kimarekani kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge, aliyekuwa akiandika tasnifu yake ya uzamivu juu yao. Alisoma vitabu walivyosoma, akafanya mazoezi waliyofanya, na vikundi kadhaa vikampokea kama mwanachama.

Msichana huyo ni Tanya Luhrmann, aliyezaliwa mwaka 1959 na ambaye baadaye alikuja kuwa profesa wa anthropolojia katika Chuo Kikuu cha Stanford, California. Tangu siku zile za London amekuwa akilizunguka swali moja. Mtu wa leo, mwenye shahada, akaunti ya benki na mkopo wa nyumba, anafikaje mahali pa kusema kwa dhati kwamba Mungu, au roho, au nguvu isiyoonekana, yuko naye chumbani? Hakuuliza kama Mungu yupo. Hilo, alisema, vyombo vya taaluma yake haviwezi kulipima. Aliuliza Mungu anakuwaje dhahiri kwa mtu anayemwamini. Na jibu lake, msikilizaji, linastahili kusikilizwa na waumini na wasioamini vilevile: ni kwa kazi. Uwepo wa Mungu unaohisiwa mwilini haumwangukii mtu kama mvua. Mtu huufanyia mazoezi, hufundishwa na wenzake, na humchukua saa nyingi na miaka mingi.

Ili kuona uzito wa jibu hilo, inafaa kukumbuka wasomi wa Ulaya na Marekani walikuwa wakitarajia nini. Mwaka 1968 mwanasosholojia Peter Berger aliliambia gazeti la New York Times kwamba kufikia karne ya 21 waumini wa dini huenda wakabaki vikundi vidogovidogo vilivyojikusanya pamoja kuuhimili utamaduni wa dunia isiyo na dini. Hakuwa mtu wa kubahatisha; alikuwa mmoja wa wasomi wakubwa wa dini wa wakati wake. Miaka 31 baadaye, mwaka 1999, Berger huyohuyo alihariri kitabu kizima cha kueleza kwamba nadharia ile ilikosea, na kwamba dunia, ukiacha sehemu chache, ilikuwa na dini kama kawaida yake, pengine kuliko hapo awali. Luhrmann aliingia kazini katikati ya mgeuko huo.

Kwao dini ilikuwa jambo la nyumbani. Babu yake mzaa mama alikuwa mchungaji wa Kibaptisti. Baba yake alilelewa katika dhehebu la Christian Science, ambalo hutegemea maombi badala ya dawa, kisha akaenda kusomea udaktari. Mtaa aliokulia huko New Jersey ulikuwa na Wayahudi wa Orthodoksi wengi, ambao sheria yao hairuhusu kuwasha umeme siku ya Sabato, na akiwa kijana aliingia katika nyumba zao kuwawashia na kuwazimia taa. Yaani aliona mapema kwamba watu wema na wenye akili timamu wanaweza kuishi mlango kwa mlango na bado kila mmoja akawa katika ulimwengu wake. Chuo Kikuu cha Harvard kikamfundisha ngano na visasili, na Cambridge ikamkabidhi kwa wasimamizi wawili wenye majina makubwa, Jack Goody na Ernest Gellner.

Taaluma aliyoingia ilikuwa na deni, na deni hilo linatuhusu sisi wa upande huu. Kwa miongo mingi mwanaanthropolojia wa dini alikuwa mtu anayetoka Ulaya kwenda kuwatazama watu wengine. Mwingereza E. E. Evans-Pritchard alianza kuishi na Wazande mwaka 1926, katika nchi ambayo leo imegawanyika kati ya Sudan Kusini, Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati, na mwaka 1937 akatoa kitabu juu ya uchawi wao. Mfano wake wa ghala haujachuja mpaka leo. Wazande walijenga maghala ya nafaka juu ya nguzo, na jua likiwaka watu hukaa chini yake kupata kivuli. Siku moja mchwa wanamaliza kuzitafuna nguzo, ghala linaanguka, linawaumiza waliokaa. Mzande anajua habari za mchwa kama unavyojua wewe. Anachouliza ni kwa nini lianguke saa ileile, juu ya watu walewale. Kwa swali hilo Evans-Pritchard aliwaonyesha Wazungu wenzake kwamba watu hawa wanafikiri kwa mantiki safi.

Ilikuwa hatua kubwa, ila dira ilibaki ileile: msomi anatoka kule, anayesomwa yuko huku. Okot p'Bitek, mshairi wa Uganda, aliyaonja hayo alipokwenda Oxford mwanzoni mwa miaka ya 1960 kusoma anthropolojia. Katika kitabu chake cha 1970 juu ya dini za Kiafrika na wasomi wa Magharibi anasimulia jinsi wahadhiri walivyowataja Waafrika darasani kama washenzi. Alilalamika, na malalamiko yake hayakubadili kitu. Kitabu hicho ni kifupi na kimeandikwa kwa hasira ya haki. Lawama yake kubwa ni kwamba wasomi hao hawakuwa wakitafuta kujua Waafrika wanaamini nini; walikuwa na mabishano yao wenyewe, na Afrika ikawa uwanja wa kuyachezea.

Ndiyo maana uamuzi wa Luhrmann wa kwenda London ulikuwa na maana kuliko unavyoonekana. Alilichukua swali waliloulizwa Wazande akawapelekea Waingereza wenye kazi za ofisini. Nyie mnaoamini kwamba tambiko la usiku linaweza kumpatia mtu kazi au kumponya rafiki, mmefikaje hapo?

Kitabu kilichotokana na utafiti huo kilichapishwa mwaka 1989, na jibu lake halikuwa lile ambalo wengi walilitazamia. Watu hawa hawakuwa wajinga, wala hawakushawishiwa siku moja kwa hoja. Walianza kwa udadisi: kitabu kimoja, mkutano mmoja, mazoezi ya kufumba macho na kuona kwa jicho la akili, kila siku nusu saa. Taratibu wakaanza kuyaona mambo ambayo zamani yangewapita. Ndoto ikawa na ujumbe. Kukutana na mtu barabarani kukawa si bahati tu. Msamiati wao ukabadilika, hisia zao zikafuata, na sababu za kuamini zikaja mwisho kabisa, mtu akiwa tayari yumo ndani. Luhrmann aliuona mchakato huo kuwa kama mkondo wa maji: tafsiri ya mtu inasogezwa polepole kutoka ufuo mmoja hadi mwingine, na mwenyewe hahisi kwamba amehama.

Yeye mwenyewe hakubaki kavu. Siku moja akiwa kwenye treni kutoka Cambridge kwenda London, alikuwa akisoma kitabu cha mmoja wa wakuu wa uganga huo na kujitahidi kuihisi nguvu ambayo mwandishi aliielezea. Akahisi joto likimpanda mwilini, mwili ukachangamka. Kutupa jicho kwenye begi lake, akaona moshi. Taa ya baiskeli aliyokuwa ameitia humo asubuhi ilikuwa inayeyuka. Baadaye, baada ya usiku wa kusoma habari za Uingereza ya kale, aliamka alfajiri akawaona madruidi sita, makuhani wa enzi zile, wamesimama nje ya dirisha wakimwita kwa mkono. Akakurupuka kitandani, wakatoweka. Luhrmann hakuyaficha mambo haya, ingawa kwa msomi chipukizi ilikuwa hatari kuyaandika. Hakusema pia kwamba madruidi walikuwapo. Alichoshika ni kwamba mazoezi yalikuwa yameibadilisha akili yake, ikawa inaona kile ambacho haikuwa ikiona. Kazi yake yote iliyofuata inatokana na hapo.

Ajira yake ya kwanza ya ualimu ilikuwa katika Chuo Kikuu cha California huko San Diego. Katika miaka hiyo alitoa kitabu juu ya Waparsi wa Bombay, wafuasi wa dini ya Zoroasta ambao waliwahi kujivunia ukaribu wao na Waingereza, kisha ukoloni ukaondoka na kuwaacha wakijilaumu. Ni jamii ambayo Zanzibar inaijua: Farrokh Bulsara, ambaye dunia ilikuja kumwita Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946 katika familia ya Kiparsi. Mwaka 2000 kikafuata kitabu juu ya madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, na namna wanavyofunzwa kwa njia mbili zisizopatana, moja ikimwona mgonjwa kama ubongo wa kutibiwa kwa dawa, nyingine kama mtu mwenye historia ya kusikilizwa.

San Diego ilimpa pia kikombe cha kahawa. Alikuwa akizungukia makundi mbalimbali ya dini mjini humo, na mwanamke mmoja wa kanisa la kiinjili akamwambia kwamba kama anataka kumwelewa Mungu, basi akanywe naye kahawa. Aliyesema hivyo hakuwa akitania. Luhrmann alikwenda na sentensi hiyo hadi Chicago, alikohamia mwaka 2000, na huko akajiunga na usharika wa Vineyard.

Vineyard ni mtandao wa makanisa uliozaliwa California katika miaka ya 1970, wakati vijana waliochoshwa na maisha ya kihipi walipomgeukia Yesu bila kuacha magitaa yao. Kiongozi aliyeukuza, John Wimber, alikuwa mwanamuziki kabla ya kuokoka. Leo una mamia ya makanisa Marekani pekee. Mlokole wa Dar es Salaam, Nairobi au Goma akiingia humo hatapotea: kuna nyimbo za kuabudu, kuombeana kwa kuwekeana mikono, karama, na watu wanaosema bila kusita kwamba Mungu amesema nao. Labda kitakachomshangaza ni utulivu. Kwenye vikundi vya nyumbani watu hukaa sebuleni na biskuti zao, wakizungumza na Mungu kama jirani aliyeingia bila kubisha hodi.

Luhrmann alihudhuria kila Jumapili, akaingia kikundi cha nyumbani, akaenda kwenye mafungo, akaomba na wenzake. Aliendelea hivyo zaidi ya miaka miwili Chicago, na baadaye tena katika kanisa jingine la Vineyard kaskazini mwa California, alipohamia Stanford mwaka 2007. Sehemu hii ya kazi yake ndiyo tamu kuliko zote, kwa sababu alikubali kukaa kwenye vitu vidogo.

Waumini wa Vineyard hufundishwa kwamba miongoni mwa mawazo yanayopita kichwani yamo ambayo si yao. Lakini yapi? Kanisa lina namna ya kuyapima. Je, ni wazo ambalo usingeliwaza mwenyewe? Je, linalingana na tabia ya Mungu kama Biblia inavyomwonyesha? Je, lilikuachia amani? Je, wenzako walipoliombea walipata jambo kama hilo? Mgeni hukosea mara nyingi, na wazee wa maombi humwambia asivunjike moyo, maana ni kama kuizoea sauti ya mtu kwenye simu: mwanzoni unauliza nani mwenzangu, baadaye pumzi moja inatosha. Mtu akidai kwamba Mungu amemwambia aache kazi au ahamie mji mwingine, wenzake humsimamisha na kuomba kwanza. Wazo likihusu shati la kuvaa leo, hakuna anayehangaika.

Hapo ndipo kikombe kinapotokea. Wapo waliopika kahawa, wakamimina vikombe viwili, wakaweka kimoja mbele ya kiti kitupu, wakaketi kuzungumza. Wapo wanawake waliotenga jioni moja kwa ajili ya Mungu kama vile mtu anavyotoka na mchumba: chakula kutoka dukani, benchi bustanini, mazungumzo. Walijua fika kwamba kiti ni kitupu. Walijua pia kwamba wanachofanya kina sura ya mchezo wa watoto, na walisema hivyo wenyewe. Lakini walishikilia kwamba aliyekuja kukaa nao hakuwa wa kubuni. Kwa Luhrmann, uwezo wa kuyashika mambo hayo mawili kwa pamoja ndio moyo wa dini katika dunia ya leo, ambamo kila muumini anajua kwamba jirani yake haamini. Zamani, katika jamii ambayo hakuna aliyekana, Mungu hakuhitaji kuwekewa kikombe. Huu ni mtazamo wake, na una nguvu, ijapokuwa mtu anaweza kuuliza kama kweli iliwahi kuwapo jamii isiyokuwa na wenye shaka.

Msomi mwingine angeishia kwenye masimulizi. Luhrmann alifanya jambo ambalo wanaanthropolojia hulifanya kwa nadra: alitengeneza jaribio. Aliwaalika Wakristo zaidi ya 100, akawagawa kwa kura, akawapa vichezeshi vidogo vya iPod. Kundi moja lilisikiliza mihadhara ya kitaaluma juu ya Injili. Jingine lilisikiliza vifungu vya Biblia vilivyosomwa polepole, vikiwa na nafasi za kimya na maelekezo: mwone mchungaji, tazama anavyogeuza uso, angalia mwendo wake, mfuate kilimani, kisha sema naye. Ni njia ambayo Ignatius wa Loyola aliwafundisha watu katika karne ya 16. Nusu saa kwa siku, siku sita kwa wiki, wiki nne.

Wiki nne zilipokwisha, waliofanya sala ya kuona walisema picha za akilini zimekuwa kali zaidi, na waliripoti kwa wingi kuliko wa mihadhara kwamba walisikia au kuhisi kitu ambacho kwa kawaida hakionekani. Haikuwa kila mtu. Watu hutofautiana katika kipaji cha kuzama ndani ya jambo, ile hali ya kupotelea kwenye muziki au hadithi hadi usisikie ukiitwa. Mwenye kipaji hicho akifanya mazoezi, huenda mbali. Asiye nacho anaweza kuomba maisha yake yote kwa uaminifu na asisikie hata mnong'ono. Kwa waumini hilo si jambo dogo. Ni wangapi wamekaa kanisani wakijilaumu kwamba imani yao ni haba, kwa kuwa wenzao wanasikia na wao hawasikii? Hapa mwanaanthropolojia, bila kukusudia, amewatua watu hao mzigo ambao pengine wachungaji wao walikuwa wakiwaongezea.

Kitabu juu ya Vineyard kilitoka mwaka 2012 na kusomwa sana. Wasioamini walimlaumu kwamba amewapamba watu waliodanganyika. Baadhi ya Wakristo walimlaumu kwamba amemgeuza Mungu kuwa zoezi la akili. Wengine waliuliza siasa ziko wapi, kwa kuwa waumini wa kiinjili ni nguvu kubwa ya kura Marekani, na Mungu wa sebuleni hupiga kura pia. Lawama hiyo ya tatu ndiyo yenye uzito. Chumba anachokichora Luhrmann kina mwanga mzuri, lakini madirisha yake ni machache. Hatuoni vizuri watu hao wakiwa kwenye uchaguzi, kwenye mabishano ya shule, au kwenye mashaka yao juu ya wageni. Hizo mbili za kwanza zinakosea kwa namna inayofanana. Kusema kwamba kusikia kunafunzwa si kusema kwamba hakuna anayesema. Daktari husomea miaka mingi kusikia mapigo ya moyo, na mapigo hayo yalikuwapo kabla hajashika kifaa. Mwenyewe ameandika kwamba hajiiti Mkristo, ila mara nyingi hujikuta akiutetea Ukristo.

Wala hakuwa peke yake kuiona imani kama mafunzo. Saba Mahmood, mzaliwa wa Quetta, Pakistan, aliyekuwa msanifu majengo kabla ya kuingia anthropolojia, alikaa Cairo na wanawake waliokuwa wakikutana misikitini kusoma dini, akatoa kitabu juu yao mwaka 2005. Kuna mahali pamoja ambapo msichana analalamika kwamba swala ya alfajiri inamshinda, haamki. Mwenzake mwenye uzoefu hamwambii anunue saa ya kengele. Anamwuliza juu ya mchana wake: unapokasirikiana na dada yako, unamkumbuka Mungu? Jioni unapoangalia unachoangalia, je? Moyo unaojiachia mchana kutwa, anamweleza, hautaamka alfajiri. Wanawake hao walijifunza pia kulia katika swala, na staha waliyoianza kwa kujilazimisha mwishowe ikawa tabia yao. Mahmood alifariki mwaka 2018 akiwa profesa Berkeley, ng'ambo tu ya ghuba kutoka Stanford. Misikiti ya Cairo na sebule za Chicago ziko mbali kwa mengi, lakini zinakubaliana kwamba moyo wa ibada hutengenezwa kwa mikono.

Kisha Luhrmann akalichukua swali lake hadi mahali penye maumivu. Akiwa Chicago alikuwa akienda Uptown, mtaa wenye wanawake wengi wasio na makazi waliougua akili, wengi wao wakisikia sauti. Aliona jambo lililowashangaza wahudumu: mwanamke anapewa chumba cha bure, anakikataa. Chumba hicho kilitolewa kwa wenye ugonjwa wa akili, na kukipokea ni kukiri wendawazimu. Mtaani, wendawazimu ni jina la mtu aliyeshindwa, aliyelegea, ambaye kila mtu anaweza kumwonea. Bora kulala nje na heshima yako.

Kutoka hapo, yeye na madaktari R. Padmavati na Hema Tharoor wa Chennai, India, na Akwasi Osei wa Ghana, waliwahoji watu 60 wenye ugonjwa mkali wa akili wanaosikia sauti: 20 San Mateo, California, 20 Accra, 20 Chennai. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Uingereza la magonjwa ya akili mwaka 2015. Wote waliugua kwa vipimo vya daktari, na wote walisikia sauti, za kupendeza na za kutisha. Lakini sauti zenyewe hazikuwa na mwenendo mmoja. Huko California wagonjwa walizungumza kwa lugha ya hospitali, wakitaja jina la ugonjwa wao, na 14 kati ya 20 walisikia amri za kuumiza watu au kujiumiza. Chennai, 11 walisikia jamaa zao: mama, wakwe, ndugu, wakiwaambia nenda kaoge, pika, kula, mbona umekaa tu. Accra, 16 walisema wamemsikia Mungu kwa masikio yao, na nusu ya wagonjwa wote wa huko walishikilia kwamba sauti zao kwa jumla ni njema. Mungu anawakataza kuzisikiliza zile mbaya.

Mtu atahadhari asiyageuze matokeo haya kuwa wimbo wa kuisifu Afrika. Watu 20 ni wachache, na mgonjwa wa Accra anateseka kama wa California. Luhrmann mwenyewe ni mwangalifu hapo. Lakini hoja yake imesimama: Mmarekani aliyefundishwa tangu utotoni kwamba akili ni nyumba yake ya faragha, sauti ikiingia, huisikia kama mvamizi. Aliyekulia mahali ambapo wafu, jamaa na Mungu huingia na kutoka katika mawazo ya watu, sauti hiyohiyo humkuta ana pa kuikaribisha.

Wazo hilo la akili yenye milango alilipima kwa upana baadaye. Yeye na wenzake walifanya kazi katika nchi tano, Marekani, Ghana, Thailand, China na Vanuatu, wakiwahoji Wakristo wa kilokole na wafuasi wa dini nyingine, watu zaidi ya 2,000 kwa jumla. Taarifa yao ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba mambo mawili yanakwenda pamoja na kuhisi uwepo wa miungu na roho: kuamini kwamba akili inapenyeka, na kile kipaji cha kuzama. Mwaka uliotangulia alikuwa ameyakusanya mawazo ya maisha yake katika kitabu juu ya namna Mungu anavyokuwa halisi, akitumia mifano tangu waganga wa London hadi waumini wa Accra.

Wala sauti za wagonjwa hakuziacha. Huko Uholanzi, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, daktari Marius Romme na wenzake walikuwa wameanzisha mkabala ambao ulimvutia sana Luhrmann: wagonjwa wakutane kwenye vikundi, na badala ya kuzikimbia sauti wazungumze nazo, wazijue zinataka nini, wajadiliane nazo. Mwaka 2012 aliandika habari za kijana mmoja aitwaye Hans. Sauti zilimtukana kwa saa nyingi na kumtisha kwamba atapelekwa msituni akateswe. Zilimdai pia aifuate dini ya Kibuddha. Wenzake wa kikundi walimshauri afikie mapatano nazo: saa moja kila siku ya sala za Kibuddha, isizidi wala isipungue, na baada ya hapo zimwache. Hans alikubali, akaitimiza saa yake. Sauti zikapungua ukali, madaktari wakampunguzia dawa.

Luhrmann hasemi kwamba sala imechukua nafasi ya dawa, na Hans hakuziacha dawa zake zote. Anachowataka madaktari wafanye ni kuuliza swali ambalo, katika mafunzo yao aliyoyachunguza, wengi hawakufundishwa kuliuliza, kwa kuwa kusikia sauti kulihesabiwa kuwa dalili tu ya kutiwa alama kwenye fomu. Sauti hiyo ni ya nani, inasema nini, na wewe huijibu vipi?